Wekundu wa mawese na hesabu za Erich Hückel

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha sita hapa Kigoma. Nyumbani tunakamua mawese, na mama akipata mteja asiyetaka mafuta mekundu, huyachemsha mpaka wekundu unakatika, yanabaki ya njano hafifu. Majirani wanasema kinachoondoka ni uchafu. Ni kweli? Halafu kwenye mada ya benzini, ile pete ya kaboni sita, tumekutana na jina la Hückel. Alikuwa nani, na hesabu zake zinaweza kueleza rangi ya mawese?

JIBU: Marahaba. Majirani wamekosea. Kinachoondoka ni karotini, hasa beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Moto mkali ukikutana na hewa hukatakata molekuli hiyo, na vipande vinavyobaki havina rangi. Mteja anayetaka yaliyopauka anauziwa mafuta yaliyopungukiwa. Mimi nikiwa Kigoma nanunua mekundu, na mgebuka wangu unakaangwa humohumo.

Sasa kwa nini molekuli nzima iwe na rangi na kipande kisiwe nayo? Hapo ndipo Hückel anapoingia.

Beta-karotini ina kaboni 40. Katikati yake kuna bondi maradufu 11 zinazopishana na bondi za kawaida, yaani kaboni 22 zilizopangana mstari mmoja, kila moja ikitoa elektroni moja ya aina ya pi. Elektroni hizo hazikai kati ya kaboni mbili tu, zinatembea mnyororo mzima. Kadiri mnyororo unavyorefuka, ndivyo ngazi za nishati zinavyosogeleana, na mwanga wenye nishati ndogo unatosha kuirusha elektroni kutoka ngazi ya juu iliyojaa kwenda ya kwanza iliyo tupu.

Kwa mnyororo wa kaboni n (n ikiwa shufwa), njia ya Hückel inatoa pengo la nishati kati ya ngazi hizo mbili hivi:

pengo = 4β × sin(90° ÷ (n + 1))

β ni kipimo cha nishati kati ya kaboni mbili jirani. Hückel aliiacha kama herufi, thamani yake itafutwe maabara. Chukua kikokotoo. Ethini (ethene, kaboni mbili zenye bondi maradufu moja), n = 2, unapata 2β. Butadaini, n = 4, unapata 1.24β. Karotini, n = 22, unapata 0.27β. Pengo linashuka, na vipimo vya maabara vinafuata mwelekeo huohuo: ethini hunyonya mionzi yenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 170 (pengo likipungua, urefu huo huongezeka), butadaini 217, zote zikiwa kwenye urujuanimno ambao jicho halioni. Beta-karotini hunyonya karibu na 450, ambayo ni bluu. Ukiiondoa bluu kwenye mwanga mweupe, kinachokufikia ni njano na machungwa, na karotini ikiwa nyingi kama ilivyo kwenye mawese, wekundu. Ukikata mnyororo jikoni, unyonyaji unarudi kwenye urujuanimno na rangi inapotea.

Lakini usiishie hapo, maana mwanafunzi makini ataona kasoro. Pengo la karotini kwenye hesabu ni dogo kuliko la ethini zaidi ya mara 7. Tukianzia nanomita 170 tungetegemea karibu 1,250, mbali kabisa nje ya mwanga unaoonekana, na mawese yasingekuwa mekundu kwa sababu hiyo! Njia hii nyepesi inachukulia bondi zote zina urefu sawa, na haihesabu jinsi elektroni zinavyosukumana. Kwenye karotini bondi fupi na ndefu zinapishana kweli, kwa hiyo pengo halishuki kiasi hicho. Kwenye benzini dhana ya usawa inasimama: bondi zote sita ni nanomita 0.140. Ndiyo maana benzini ilimpa sifa.

Erich Hückel alizaliwa Berlin mwaka 1896. Alikuwa mwanafizikia, akapata udaktari Göttingen mwaka 1921 chini ya mwanafizikia Peter Debye. Mwaka 1923, wakiwa Zürich, wawili hao walitoa nadharia ya myeyusho wa chumvi inayobeba majina yao mpaka leo. Baadaye akiwa Copenhagen, mwanafizikia Niels Bohr alimshauri aitazame bondi maradufu kwa kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo kama elektroni. Kazi ya bondi hiyo ilitoka 1930, ya benzini 1931.

Halafu kimya. Aliichapisha kwenye jarida la fizikia, kwa hesabu ambazo wakemia wengi hawakuzizoea, na wanafizikia nao hawakuwa na haja na benzini. Kaka yake, Walter, alikuwa mkemia wa kaboni na ndiye aliyekuwa akimpa maarifa ya upande huo, ila hilo halikutosha. Wakemia wakamfuata Linus Pauling, mkemia wa Marekani, aliyechora michoro waliyoielewa. Kwa maoni yangu Hückel alikuwa na zana bora, ila hakujua kuiuza. Alipata uprofesa wa fizikia ya nadharia Marburg mwaka 1937 na kubaki huko. Hata ile kanuni ya 4n + 2 mnayokariri (idadi ya elektroni za pi zinazoifanya pete iwe imara; n hapa ni namba nzima tu, si idadi ya kaboni), aliyeiweka katika umbo hilo ni mkemia Doering, mwaka 1951. Heshima zilimjia uzeeni: Royal Society ya London ilimfanya mwanachama wa kigeni mwaka 1977, miaka mitatu kabla ya kifo chake.

Kwa mtihani wako: elektroni sita za benzini zina jumla ya 8β, na bondi maradufu tatu zilizotengana zina 6β. Hiyo 2β ya ziada ndiyo inayoifanya benzini isishambuliwe na bromini kirahisi kama ethini. Jaribu mwenyewe heksatraini, n = 6. Ukipata karibu 0.89β uko sawa. Kikokotoo kiwe kwenye digrii, si radiani.