Seva ya Ofisi Inasuasua: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtunza kumbukumbu katika ofisi binafsi ya upimaji wa ardhi mjini Morogoro, na kwa kuwa hatuna fundi wa kudumu, shughuli zote za kompyuta zimeniangukia mimi. Tuko wafanyakazi 18, na ramani, picha za anga na barua zetu zote zinakaa kwenye seva moja ya Windows yenye diski nne za kuzunguka, zilizounganishwa kwa mpango wa RAID 5, unaozifanya zifanye kazi kama diski moja na kuvumilia moja ikifa. Mwezi Januari tulihamia jengo jingine, na tangu hapo seva imekuwa nzito. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi karibu saa 5, kufungua folda tu huchukua sekunde 40 na zaidi, na wakati mwingine Excel huganda kabisa. Mchana tunapata nafuu, lakini hata hapo kunakili faili moja la gigabaiti 4 kutoka kwenye seva huchukua dakika 6. Nimeangalia prosesa ya seva, haizidi asilimia 15. Mkurugenzi ameshaanza kuomba bei za seva mpya. Je, tununue?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yetu wa Morogoro, tunakushukuru kwa kutuletea saa, dakika na ukubwa wa faili, kwa sababu bila hizo tungebaki kubahatisha. Mwombe mkurugenzi asubiri wiki moja kabla ya kulipa chochote. Barua yako inaonyesha matatizo mawili yaliyopandana, na huenda moja likaondoka kwa kubadilisha waya mmoja.

Tuanze na zile dakika 6. Gigabaiti 4 ni takriban megabaiti 4,000, na dakika 6 ni sekunde 360, kwa hiyo seva yako inakupa megabaiti 11 hivi kwa kila sekunde. Namba hiyo inajulikana sana na mafundi wa mitandao ya ofisi. Kasi ya mtandao huandikwa kwa megabiti, na baiti moja ina biti 8, hivyo mtandao wa megabiti 100 hauwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 12.5 kwa sekunde; ukitoa sehemu inayoliwa na anwani na taarifa za usafirishaji, hubaki 11 na ushei. Mtandao wa gigabiti 1, ambao karibu kila seva ya miaka ya karibuni imejengewa, hupitisha takriban megabaiti 110, na faili lako lingefika chini ya dakika moja. Kwa maneno mengine, tuna sababu nzuri ya kushuku kwamba mahali fulani kati ya seva na kompyuta yako njia imeshuka hadi megabiti 100, na kwamba ilishuka siku mlipohama.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba mtandao ulioshuka namna hii haulalamiki. Ndani ya kebo ya kawaida mna nyaya nane zilizosokotwa jozi jozi: ya chungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia, kila moja na mwenzake mwenye mstari mweupe. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, ambazo kwa ufungaji uliozoeleka huwa za chungwa na kijani. Kasi ya gigabiti 1 inazihitaji zote nne. Waya mmoja wa buluu ukikatika, au usipofika vizuri kwenye meno ya shaba ya kichwa cha plagi, vifaa viwili hivyo hupatana kimya kimya kwa kasi ndogo na kazi huendelea. Chomoa kebo inayotoka kwenye seva, uielekeze plagi yake kwenye mwanga, na utazame kupitia ile plastiki angavu: ncha zote nane zinapaswa kuonekana zimegusa mwisho, bila hata moja iliyorudi nyuma. Angalia pia kama kebo imebanwa chini ya mguu wa kabati au kukunjwa kwa nguvu kwenye kona ya ukuta, maana siku ya kuhama watu huwa na haraka. Halafu soma maandishi yaliyo mbele ya swichi ya jengo jipya, yaani kile kisanduku ambako kebo za ofisi hukutana: ikiwa imeandikwa 10/100 bila 1000, hutahitaji kutafuta zaidi.

Ili usibadilishe kebo za ofisi nzima bila sababu, fanya jaribio hili wakati wa utulivu, baada ya wenzako kuondoka. Nakili faili lile kwenda kompyuta moja na uandike kasi. Kisha nakili kwenda kompyuta mbili kwa wakati mmoja. Ikiwa kila moja inapata karibu megabaiti 5 na nusu kwa sekunde, zinagawana njia moja nyembamba, na kasoro iko upande wa seva: kebo yake, kadi yake ya mtandao, au tundu lake kwenye swichi. Ikiwa kila moja inapata 11 zake kamili, upande wa seva uko huru, na kinachozibana kiko upande wa kompyuta zenyewe au swichi zinazopitia. Kuna pia programu ya bure iitwayo iperf3, ambayo hupima mtandao peke yake bila kugusa diski. Ikikuonyesha megabiti 94 au 95, utakuwa umepata uthibitisho kuwa diski hazihusiki na sehemu hii ya tatizo.

Tunakuonya juu ya jambo moja ambalo mafundi wa haraka hulifanya, nalo ni kuingia kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao na kuilazimisha kasi kwa mkono. Kifaa kimoja kikilazimishwa kwenye megabiti 100 kwa njia mbili na kingine kikiachwa kijichagulie, kile cha pili hushindwa kumsikia mwenzake na hujiweka kwenye njia moja, ambapo vifaa husema kwa zamu. Matokeo yake ni migongano na kasi mbaya kuliko ile mliyokuwa nayo. Acha pande zote mbili zipatane zenyewe, na urekebishe waya.

Sasa tuje kwenye asubuhi, ambako kwa maoni yetu ndiko kwenye kero kubwa. Orodha ya majina ya folda ni data kidogo mno. Hata mtandao wa megabiti 100 huipitisha kwa kufumba na kufumbua. Sekunde 40 maana yake ombi lako limefika kwenye seva na limewekwa foleni. Prosesa haiko kazini, kama ulivyoona, kwa hiyo foleni iko kwenye diski.

Diski ya kuzunguka ya aina iliyozoeleka hufanya mizunguko 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde, na kila mzunguko huchukua milisekunde 8.3. Ili kusoma kipande cha data, mkono wa diski husogea hadi kwenye njia inayotakiwa, kisha husubiri sahani izunguke, kwa wastani nusu ya mzunguko. Ukijumlisha, ombi moja lililo mbali na lililotangulia hugharimu milisekunde 12 hivi, na diski nzima haiwezi kuhudumia zaidi ya maombi 80 au 90 ya namna hiyo kwa sekunde. Kwenye RAID 5 kuandika ni ghali zaidi, kwa sababu andiko moja dogo hudai kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma hesabu yake ya ulinzi, kisha kuandika zote mbili upya. Wafanyakazi 18 wakifika pamoja na kufungua folda za picha, huku Windows ikitengeneza vijipicha vya kila faili, diski nne zinazidiwa upesi, na kama kuna kazi nyingine kubwa inayoendelea nyuma ya pazia, zinasimama kabisa.

Hiyo kazi ya nyuma ya pazia ndiyo tunayotaka uitafute. Kesho saa 3 asubuhi, fungua Resource Monitor, programu ya Windows inayoonyesha nani anatumia nini, kwenye seva yenyewe, nenda sehemu ya diski, na uzipange programu kwa wingi wa kusoma na kuandika. Tazama pia muda wa majibu: ukibaki chini ya milisekunde 20, diski zinapumua, ukipanda hadi 100, 200 au zaidi, zimeelemewa, na jina lililo juu ya orodha ndilo la kuhojiwa kwanza. Mara nyingi huwa ni ukaguzi kamili wa programu ya kuzuia virusi au ni nakala rudufu.

Tunaitaja nakala rudufu kwa makusudi. Mwandishi wa majibu haya aliwahi kuitwa kwenye ofisi moja iliyokuwa na dalili kama zako, seva nzito kila asubuhi na nyepesi mchana, na tayari walikuwa wamebadilisha swichi. Meneja alikuwa amemwagiza fundi kwa mdomo kwamba nakala ichukuliwe "saa nane," akimaanisha saa nane usiku, wakati hakuna mtu. Fundi aliandika 08:00, na kwa saa ya kompyuta hiyo ni saa mbili asubuhi kamili. Kwa miezi kadhaa nakala ilikuwa ikianza pale pale watu wanapoketi mezani. Sekunde chache za kubadilisha 08:00 kuwa 02:00 zilimaliza kero yote. Hatudai kuwa ndivyo ilivyo kwenu, lakini tatizo lenu linaanza saa 2 na kuisha karibu saa 5 kila siku, nalo lina sura ya kazi iliyopangiwa ratiba. Fungua orodha ya kazi zilizopangwa, usome saa kwa mpangilio wa saa 24, na uhakikishe saa ya seva yenyewe iko sahihi.

Kabla ya yote hayo, hata kabla ya kebo, tazama taa za diski. RAID 5 huendelea kufanya kazi diski moja ikifa, lakini kila kilichokuwa kwenye diski hiyo hulazimika kukokotolewa upya kutoka kwenye tatu zilizobaki, na seva huwa nzito mno. Diski zinazozunguka hazipendi kubebwa kwenye gari la mizigo. Taa ya rangi ya chungwa, au onyo lolote kwenye programu ya kidhibiti cha diski, ni jambo la siku hiyo hiyo, kwa sababu diski ya pili ikifa ramani zote zimekwenda. Katika programu hiyo hiyo tazama hali ya betri ya kidhibiti, ikiwa ipo: ikichoka, vidhibiti vingi huacha kuandika kwanza kwenye kumbukumbu ya haraka na kuanza kungoja diski kwa kila andiko. Na kabla hujagusa chochote, rudisha faili moja kutoka kwenye nakala rudufu yenu ulifungue kwa macho yako.

Ikiwa baada ya waya, ratiba na afya ya diski bado asubuhi ni nzito, basi fedha ziende kwanza kwenye kumbukumbu ya seva (RAM), ambayo huhifadhi mafaili yanayosomwa mara kwa mara, kisha kwenye diski za SSD, ambazo hazina kinachozunguka, kwa ajili ya kazi za kila siku, huku picha za zamani zikibaki kwenye diski mlizo nazo. Seva mpya mkiiunganisha kwa kebo ile ile na ratiba ile ile itawapa megabaiti 11 zile zile.

SWALI: Mhariri, tawi letu liko Kisumu na seva iko Nairobi. Tuliongeza kasi ya intaneti mara tatu, lakini kunakili folda yenye mafaili madogo 2,000 bado kunachukua muda ule ule. Ping, yaani kipimo cha muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, inaonyesha milisekunde 70. Kwa nini?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Mlichoongeza ni upana wa barabara, na umbali haujapungua. Kila faili huombwa, hufunguliwa, husomwa na hufungwa kwa mazungumzo ya kwenda na kurudi. Tukichukulia safari tano tu kwa kila faili, milisekunde 70 mara tano ni sehemu ya tatu ya sekunde, na kwa mafaili 2,000 ni zaidi ya dakika 11, kabla hata ya kuhesabu data yenyewe. Mwombeni mwenzenu wa Nairobi aibane folda nzima kuwa faili moja la zip upande wa kule, kisha mlivute hilo moja; hapo ndipo kasi mliyoinunua itaonekana. Kwa kazi za kila siku, ni afadhali mfanyie kazi kwenye kompyuta iliyo karibu na seva kwa njia ya kuiendesha kutoka mbali, ili zinazosafiri ziwe picha za skrini tu. Chunguzeni pia kwa nini ni milisekunde 70, maana kwa umbali huo ni nyingi. Pengine mawasiliano yenu yanazungushwa kupitia nchi nyingine.

SWALI: Seva yetu huwa nzito kila baada ya siku kumi hivi. Nikiizima na kuiwasha inapona. Je, niendelee hivyo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Izime ikibidi, lakini usiizime kabla ya kupiga picha ya ushahidi, kwa sababu kuwasha upya hufuta alama nyingi. Siku ikiwa nzito, fungua Task Manager, upange programu kwa kiasi cha kumbukumbu, na upige picha ya skrini. Fanya hivyo tena siku ya pili baada ya kuiwasha. Programu iliyokuwa na megabaiti 300 siku ya pili na gigabaiti 6 siku ya kumi inakusanya kumbukumbu bila kuirudisha, na seva inapoishiwa huanza kutumia diski badala yake. Tafuta toleo jipya la programu hiyo, au panga huduma hiyo peke yake iwashwe upya kila Jumapili usiku. Kama hakuna programu iliyokua, tutumie picha hizo mbili pamoja na idadi ya mafaili yaliyokuwa wazi kwenye seva saa hiyo, nasi tutaendelea kutoka hapo katika toleo lijalo.