Nilicheza mpira wa ligi, sasa niache hata kukimbia?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 47. Nilicheza mpira wa ligi kwa miaka 12, na goti la kulia lilichanika kano nikiwa na miaka 26. Siku hizi linakaza asubuhi na kuuma nikishuka ngazi. Wenzangu wanasema mazoezi ndiyo yameniharibu, niache kabisa. Ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Usiache, ndugu yangu. Kilicholidhuru goti lako zaidi ni lile jeraha, na huenda ulirudi uwanjani kabla halijapona. Kano ikichanika goti hulegea, na gegedu linalofunika ncha za mifupa husuguliwa mahali pasipostahili. Maumivu huja miaka kumi, ishirini baadaye. Anayekimbia jioni kwa ajili ya afya yake akiumwa hupumzika. Mchezaji wa ligi huchomwa sindano ya maumivu aingie kipindi cha pili. Jambo hili hunisikitisha sana.

Uchambuzi mmoja wa mwaka 2017, uliojumlisha tafiti nyingi, ulikuta kusagika kwa nyonga au magoti kwa asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano na asilimia 3.5 tu ya wanaokimbia kwa kujifurahisha. Wasiokimbia kabisa walikuwa asilimia 10.2! Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kwenye ute wa goti, unaoingia na kutoka kiungo kinapobanwa na kuachiwa, kwa hiyo kukaa tu hakulisaidii.

Moyo wako huenda umefaidika na ile miaka ya mpira. Utafiti wa Scotland wa mwaka 2019 ulionyesha wachezaji wa zamani wa kulipwa walikufa kwa nadra zaidi kwa ugonjwa wa moyo, ingawa vifo vya maradhi ya ubongo, kama ya kupoteza kumbukumbu, vilikuwa takriban mara tatu na nusu ya watu wengine. Kwa kuulinda ubongo, mipira ya kichwa iache.

Anza na kuimarisha misuli ya paja: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu, ushikilie, ushushe polepole. Ongeza baiskeli au kutembea kwa kasi hadi dakika 150 kwa wiki, kisha mbio fupi. Maumivu madogo yanayotulia kufikia kesho yake yasikutishe. Usimeze diklofenaki, dawa ya maumivu, ili uweze kukimbia. Goti likivimba, likinasa au likikuachia ghafla, nenda ukapimwe na daktari wa mifupa.