Santuri za roki na bluzi: nianze na zipi?

Swali: Fundi, salaam aleikum. Ami yangu amehamia Malindi akaniachia mashine yake ya santuri, amplifaya na spika mbili. Sahani zilizokuja nazo ni za taarab na rumba. Nazipenda, lakini moyo wangu hasa uko kwenye roki na bluzi za zamani. Naweza kununua albamu kama kumi hivi, mojamoja kadiri mfuko unavyoruhusu. Kwenye intaneti kila orodha ina majina yaleyale, na kila jina lina nakala chungu nzima: ya zamani, mpya, ya gramu 180, ya bei ya kutisha. Nianze na zipi, na nitajuaje nakala ipi inafaa? – Msomaji, Bamburi

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umeachiwa urithi mzuri, na hizo za taarab usizigawe hata kidogo.

Orodha unazosoma zinakuchagulia muziki. Hazikuchagulii sahani. Albamu yaweza kuwa ya kusifiwa dunia nzima, na nakala uliyoshika mkononi ikawa haina faida. Mimi mteja akiniletea santuri kuniuliza kama anunue, kabla ya jina la msanii nageuza jalada nyuma nijumlishe dakika za kila upande.

Sauti ikiwa kubwa, hasa besi, mfereji kwenye sahani huyumba zaidi na kula nafasi zaidi. Upande wa dakika 18 au 20 unampa mkataji, yule fundi anayechonga mfereji kwenye sahani ya asili, nafasi ya kuweka sauti nene. Akipewa dakika 28, hana budi kuishusha sauti na kuinyoa besi, la sivyo mifereji itaingiliana. Todd Rundgren alitoa Initiation mwaka 1975 akiwa amesheheneza zaidi ya saa moja ya muziki kwenye sahani moja. Ya namna hiyo inakulazimisha kufungua sauti, na ukifungua, mikwaruzo nayo inapanda. Kwa hiyo zile sahani za mkusanyiko zenye nyimbo tele kila upande zipite tu, hata zikiwa rahisi.

Bahati nzuri, bluzi ya Chicago ilirekodiwa wakati albamu zilikuwa fupi, ndiyo maana nakuambia uanzie huko. Ya kwanza kabisa ningekununulia ile ya Howlin' Wolf ya mwaka 1962, yenye picha ya kiti cha kubembea juu ya jalada. Nyimbo 12, zote fupi. Humo ndimo mna Spoonful walioichukua Cream, Back Door Man walioichukua The Doors, na The Red Rooster ambayo Rolling Stones waliifikisha kileleni Uingereza mwaka 1964. Zote tatu ni kazi ya mtunzi Willie Dixon. Ukishaisikiliza hiyo, nusu ya roki utakayoinunua baadaye utakuwa unaijua tayari.

Ya pili ni Folk Singer ya Muddy Waters, ya mwaka 1964. Magitaa hayana umeme, Buddy Guy anamsindikiza, Dixon yuko kwenye besi la kusimama. Hii ndiyo ninayoiweka mteja anapotaka kujua mashine yake ina uwezo gani, kwa sababu sauti ya Muddy inasimama mbele kabisa, na chumba walichorekodia unakisikia nyuma yake. Ila nakala yake iwe safi. Muziki ule una mapengo mengi ya kimya, na kila mkwaruzo utajitokeza.

B.B. King, Live at the Regal, ilirekodiwa Chicago tarehe 21 Novemba 1964. Haifiki dakika 20 kwa upande, na hii hata ikiwa imechakaa kidogo inavumilika, maana vigelegele vya wale wanawake ukumbini vinafunika mengi. Ongeza Born Under a Bad Sign ya Albert King, 1967, akipigiwa na bendi ya Booker T. & the M.G.'s.

Robert Johnson ni suala la peke yake. King of the Delta Blues Singers ilitoka mwaka 1961, lakini nyimbo zenyewe alizirekodi mwaka 1936 na 1937, na zilikusanywa kutoka sahani za kale za mizunguko 78 kwa dakika. Ule mvumo unaousikia umo tangu asili, usimrudishie muuzaji sahani yake kwa sababu hiyo. Wewe uliyelelewa na ami mwenye taarab hutashtuka. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na masikio yaliyozoea kumfuata bibi yule katikati ya mvumo yatamfuata Johnson bila taabu.

Sasa roki. Daraja la kuvukia ni Blues Breakers ya John Mayall na Eric Clapton, 1966. Tafuta ya mono, yaani sauti ileile kwenye spika zote mbili. Jihadhari hapa na sahani za miaka ile zilizorekodiwa mono kisha zikageuzwa stereo ya kubandika. Kampuni ya Capitol waliiita Duophonic, wengine walikuwa na majina yao. Sauti inakuwa kama mtu anaimba ndani ya pipa.

Kwenye Led Zeppelin II ya mwaka 1969 utajifunza kazi ya kusoma sahani. Iinamishe chini ya taa, utazame ule ukanda mtupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Kuna herufi na namba zimechorwa kwa mkono. Ukikuta RL, hiyo imekatwa na Robert Ludwig, na aliikata kwa sauti kubwa na besi nzito kiasi kwamba kwenye mashine hafifu sindano iliruka. Kampuni ikaamua ikatwe upya kwa upole. Hizo za RL siku hizi ni ghali mno, na sikushauri uikimbilie. Lakini zoea kuusoma ukanda ule kwenye kila sahani, kwa kuwa jalada linaweza kubadilishwa, na lebo mbili zikafanana, lakini maandishi yale yanakuambia sahani ilitoka kwenye ukataji upi.

Kwa Rolling Stones chukua Let It Bleed ya 1969, au Sticky Fingers ya 1971 ukiipata ile yenye zipu ya kweli kwenye jalada. Zipu hiyo ilikuwa inaziumiza sahani zikipangwa moja juu ya nyingine, hadi ikabidi ishushwe nusu ili ikandamize lebo badala ya mifereji. Nyumbani itenge na wenzake kwa kadibodi.

Electric Ladyland ya Jimi Hendrix, 1968, ni sahani mbili. Katika nakala nyingi za mwanzo utakuta upande wa 1 na wa 4 ziko kwenye sahani moja, wa 2 na wa 3 kwenye nyingine. Hujapunjwa. Zilipangwa hivyo kwa mashine za zamani zinazoangusha sahani moja baada ya nyingine, kisha unazigeuza zote kwa pamoja. At Fillmore East ya Allman Brothers, 1971, nayo ni mbili, na Whipping Post inachukua upande mzima.

Utaniuliza mbona sijaitaja The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya mwaka 1973. Inunue, lakini inunue mpya. Inaanza na mapigo ya moyo kutoka kwenye kimya, na nakala nyingi kuukuu zimechezwa mpaka zikachoka, kwa hiyo mapigo yenyewe yanakuja na msururu wa chembe za vumbi.

Gramu 180 zisikubabaishe. Sahani nzito haipindi upesi, basi. Mfereji hauna habari na uzito wa plastiki iliyo chini yake. La kuuliza ni nani amekata na kutoka kanda gani ya kurekodia.

Na hapa kwetu kuna adui ambaye wanaoandika orodha hizo hawamjui. Unyevu wa Mombasa unaotesha kuvu kwenye majalada, na wakati wa masika mambo huzidi. Zisimamishe wima, mbali na ukuta unaotoa jasho, na mifuko ya plastiki ya nje iache wazi juu ipate hewa. Ukinunua sahani mjini ukaiacha kwenye gari juani huku unasubiri feri Likoni, utafika nayo imepinda. Kusafisha, tumia maji ya betri (distilled water), yasiyo na asidi, na spiriti kidogo ya dawa. Lakini zile za ami yako za mizunguko 78, kama zipo, zisiguswe na spiriti kabisa. Zimetengenezwa kwa lakiri, na spiriti huiyeyusha.

Kuna mmoja lazima ataandika kulalamika kwamba nimemsahau Freddie Mercury, mwenzetu wa pwani aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Sikumsahau, nimemwekea kazi. Sahani huzunguka kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho, lakini ukingoni sindano inapita kama sentimita 50 za mfereji kwa sekunde, na karibu na lebo ni 21 hivi tu, kwa hiyo sauti inabanwa. Kwenye A Night at the Opera ya Queen, 1975, Bohemian Rhapsody imewekwa karibu kabisa na mwisho wa upande wa pili, kwaya na magitaa yote yakiwa hapo penye msongamano. Azima nakala safi kwa mtu, uicheze kwenye mashine yako. Kwaya ikisikika inapasuka na kila "s" inakwaruza, peleka mashine kwa fundi abadilishe sindano na kupima uzito wa mkono wa sindano kwa kipimo alichotaja mtengenezaji wa katriji, kile kichwa kinachoshika sindano. Nyingi hutaka gramu 1.5 hadi 2. Sindano mpya ndiyo manunuzi yako ya kwanza, Howlin' Wolf anafuata.