Je, simu inaweza kumfikisha asiyeona hadi Ligula?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Shangani, Mtwara. Mdogo wangu haoni, na simu yake ya Android humsomea kwa sauti. Anataka kwenda kliniki Hospitali ya Ligula bila kushikwa mkono. Nasikia zipo ramani zinazojazwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya wenye ulemavu. Zinafaa huku kwetu, au ni za Ulaya tu?

JIBU: Marahaba. Zinafaa, ila zinajua kile tu ambacho mtu amekiingiza. Pale ambapo hakuna aliyeingiza kitu, ramani iko kimya.

Msingi wake ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Mwenye akaunti yeyote huongeza barabara, duka au kisima, na wengine husahihisha. Programu nyingi huchota humo. Mojawapo ni Wheelmap ya Berlin, ya mwaka 2010, inayoonyesha majengo yanayoingilika kwa kiti mwendo. Kijani ni mlango usio na ngazi, njano ni ngazi moja isiyozidi sentimita 7 hivi, nyekundu hapaingiliki. Kijivu maana yake hakuna aliyekwenda kuangalia.

Sasa tuje kwa mdogo wako. Simu ya kawaida, hata penye uwazi, hukosea kama mita 5. Kwa anayeona ni kitu kidogo. Kwake yeye ni tofauti ya ukingo wa lami na katikati ya barabara. Kwa hiyo programu isipewe kazi ya kumwonya kuhusu mtaro. Hiyo ni kazi ya fimbo nyeupe. Simu imwambie yuko mtaa gani, njia panda iko umbali gani, na kama amepitiliza.

Kinachoangusha wengi ni lango. Hospitali au shule huwekwa kwenye ramani kama nukta moja katikati ya eneo. Simu inampeleka mtu kwenye barabara iliyo karibu na nukta ile, inatamka kwamba amefika, kumbe amesimama nyuma ya ukuta na lango liko upande wa pili. Anayeona atatazama huku na huku. Asiyeona ataanza kupapasa ukuta asijue aende kushoto au kulia. Kwa hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, hakikisha lango la kuingilia limewekwa mahali pake, pamoja na njia ya miguu kutoka hapo hadi mlango wa mapokezi. Kazi hii ni ya nusu saa, na itamfaa kila mgonjwa.

Baada ya hapo tembeeni wote, yeye mbele. Muulize anajuaje kwamba amefika kwenye kona. Atakutajia mchanga unaogeuka lami, kalvati, mlio wa mashine ya kusaga, ngazi mbili za duka fulani. Vile vya kudumu viingize. Kifusi cha ujenzi na bodaboda zilizoegeshwa viache, maana kesho havipo na ramani itabaki ikidanganya. Na tafadhali, usiandike popote kwamba nyumba fulani anakaa asiyeona. Ramani hii husomwa na yeyote, hata mwizi.

Kwa kuingiza, pakua StreetComplete. Inakuuliza maswali pale uliposimama: barabara hii ni ya lami au ya mchanga? Kiti mwendo kinaingia hapa? Unajibu bila bando, unatuma baadaye. Njia mpya ni rahisi kuzichora kwenye kompyuta juu ya picha za setilaiti, ingawa zinazopita chini ya mikorosho hazionekani. Hizo zirekodi kwa simu mkiwa mnatembea.

Mdogo wako ajaribu Organic Maps, kwani ramani yake ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Ulichoingiza leo hakitaonekana humo mpaka toleo jipya la ramani litoke naye alipakue. Kama simu inatamka majina yetu kwa lafudhi ya Kiingereza, eSpeak NG, programu ya kuipa simu sauti ya kusomea, ina sauti ya Kiswahili. Ni ya kimashine lakini inaeleweka. Asizibe masikio yote mawili kwa spika za masikioni, maana anahitaji kusikia pikipiki.

Akishafika ndani, kuna Be My Eyes, iliyoanza mwaka 2015 kwa wazo la Hans Jørgen Wiberg wa Denmaki, ambaye mwenyewe ana uoni hafifu. Mtu wa kujitolea huona kupitia kamera na kumsomea kibao cha mlangoni au maandishi ya dawa. Inakula bando, na asiitumie kuvukia barabara: picha huchelewa, gari halisubiri.

Anzeni na njia hiyo moja. Mkikwama kwenye kuchora lango, niandikie, na unieleze mnaingilia upande upi.