Maswali na majibu: Kinyemela wa fizikia

Barua tano nilizochagua safari hii zinagusa jambo moja: maneno ya sayansi yanayotaja vitu tusivyoviona, au visivyo kama tulivyodhani.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano hapa Unguja. Tunasoma elektroni kila siku na hakuna aliyewahi kuiona kwa macho. Sasa neno hilo limepata wapi maana?

Marahaba mwanangu. Elektron kwa Kigiriki ni kaharabu, ile ya manjano inayotengenezewa tasbihi. Ukiisugua kwa kitambaa inavuta vipande vya karatasi, na Waarabu nao wakauita umeme kahrabaa kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1891 George Johnstone Stoney wa Ireland alitumia jina elektroni kwa kipimo kidogo kabisa cha chaji. Mwaka 1897 J. J. Thomson, akichunguza miale ndani ya bomba la kioo lililotolewa hewa, akagundua kuwa ni chembe nyepesi mno kuliko atomu yoyote. Wala yeye hakuziita elektroni. Alikuwa na jina lake, likashindwa na la Stoney. Kwa hiyo neno lilitangulia, chembe ikaja baadaye.

Frank Ramsey, mwanafalsafa kijana wa Cambridge aliyefariki 1930 akiwa na miaka 26, alituachia njia ya kulifikiria hili. Chukua banda lenu la kuku. Kila usiku wa giza kuku mmoja hupotea. Asubuhi mnakuta manyoya, na tundu limechimbwa chini ya makuti. Mhusika hamjamwona, ila mshampa jina, tuseme Kinyemela. Mkiulizwa Kinyemela ni nani, mtasema: kuna kitu, kimoja tu, kinachokuja usiku wa giza, kinachimba, kinapenda kuku. Ramsey anasema futa jina, bakisha "kuna kitu", na yale mnayoweza kuyatabiri asubuhi hayapungui hata moja. Elektroni ndiyo Kinyemela wa fizikia. Maana yake ni kazi inayofanya katika maelezo yote, si sura yake.

Mimi naona kapatia nusu. Nusu ya pili iko kwenye swali la muuguzi huko chini.

Nalima mwani Paje. Bamvua tunalijua tangu enzi za bibi zetu. Habari za nguvu ya mvutano zinatuongezea nini?

Dada yangu, kwa kushuka pwani hazikuongezei kitu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua linaingia, maji yanakupwa mbali na wewe unakwenda kwenye kamba zako. Wanafalsafa kina Rudolf Carnap waliyagawa maneno kwa namna hii: bamvua ni neno la kinachoonekana, mvutano ni neno la nadharia, na hili la pili linaazima maana kwa lile la kwanza.

Lakini mvutano una kazi ambayo bamvua haliiwezi. Unayaweka kwenye hesabu moja maji ya Paje, embe linaloanguka Donge na mwezi wenyewe. Newton alieleza mwaka 1687 kwamba jua na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja na dunia, mivuto yao inajumlika. Mvutano wenyewe ni kitu gani hasa, hakutaka kusema. Mwaka 1915 Einstein akaja na hesabu ambayo haina nguvu inayovuta, ila nafasi na wakati vimepinda. Bamvua lenu halikusogea hata siku moja.

Na huo mgawanyo usiuamini sana. Mgeni wa hotelini anatoka asubuhi anaona bahari imekimbia. Wewe unaona siku ya pili ya bamvua, na unajua kesho maji yatachelewa kama dakika 50. Mnatazama ufukwe mmoja, lakini jicho lako limeshasoma.

Mimi ni muuguzi, Wete. Malaria kwa Kitaliano ni hewa mbaya. Kwa nini tunaendelea na neno la uongo?

Kwa sababu neno lilishika ugonjwa, halikushika maelezo yake. Daktari Mfaransa Laveran aliwaona vimelea kwenye damu ya wagonjwa huko Algeria mwaka 1880, daktari Mwingereza Ross akawakuta ndani ya mbu huko India mwaka 1897, na jina likabaki pale pale. Wanafalsafa Saul Kripke na Hilary Putnam waliitetea sana hoja hii miaka ya 1970: jina hufungwa kwenye kitu kwanza, maelezo yanaweza kubadilika.

Si kila jina lina bahati hiyo. Wanakemia wa karne ya 18 waliamini kwamba kinachoungua hutoa kitu walichokiita flojistoni. Mwenzao Lavoisier wa Ufaransa akapima, akakuta metali ikiungua huongezeka uzito kwa kuchukua oksijeni. Flojistoni ikafa.

Rudi kwa Kinyemela. Usiku mmoja mmemvizia, kumbe wako wawili: cheche anayechimba, na jirani anayebeba. Je, Kinyemela alikuwepo? Mmoja atasema ndiye cheche, mwingine atasema hakuwepo kamwe. Nadhani huamuliwa kwa kuangalia kazi ngapi za mwanzo zimebaki na mwenyewe. Za flojistoni hazikubaki za kutosha.

Ni kweli maana ya joto ni jinsi linavyopimwa, basi?

Mwanafizikia Percy Bridgman alisema hivyo mwaka 1927. Ukimfuata, kipimajoto cha kwapani na kile cha kuelekezwa kwenye paji la uso vinapima vitu viwili tofauti. Muuguzi wa Wete atakwambia vinapishana kidogo, na homa ni ile ile. Mimi niko na muuguzi.

Nimembishia babu yangu, mvuvi wa Kizimkazi, kwamba pomboo si samaki. Kakasirika. Nani ana haki?

Kwanza kamwombe radhi. Pomboo anavuta hewa kwa mapafu na ananyonyesha, kwa hiyo samaki wa kitabu chako cha skuli si yeye. Samaki wa babu ni neno la baharini, la kiumbe chenye mapezi kinachopita karibu na ngalawa, na kwenye kazi hiyo halijamdanganya. Ni maneno mawili yenye sauti moja. Ukimaliza kuomba radhi, muulize kuhusu pweza, maana sokoni anauzwa upande wa samaki.