Kwa nini watu wanajaa Tangamano jioni wakati gym zipo

Kaka umeuliza watu wanafuata nini viwanja vya Tangamano pale Tanga mjini wakati gym zipo, mi naona afya imo ila sio ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, sawa, lakini nani anaamka Jumamosi alfajiri kwa ajili ya hesabu hiyo? Watu wanafuata watu. Ziangalie hizi jogging klabu, wanatoka Ngamiani na tisheti za rangi moja, mmoja anaanzisha wimbo wengine wanaitikia mpaka Raskazone huko, na ukipotea wiki mbili unapigiwa simu we vipi unaumwa, ukifiwa ndo hao hao wanakuja msibani na mchango wao mkononi. Gym gani itakufanyia hivyo?

Alafu ni bure jamani. Dogo hana hata viatu, anaweka ndala mbili chini ndo goli hilo, mpira unaanza, na anayemkaba ni mtu mzima katoka kazini suruali kaikunja mpaka magotini, wanasukumana wanabishana kona sio kona, watu ambao nje ya hapo wala wasingesalimiana.

Kinamama nao wanapenda sana, ila kiza kikiingia wanaondoka mapema na wengi hawaji bila kikundi. Viwanja viwekwe taa na vyoo visafi, mtaona watakavyojaa.