Mnara nauona kabisa, mtandao mbona sipati?

Mkuu, umesema mnara unauona ukiwa uani kwako, ila simu haizidi kijiti kimoja, huku jirani mwenye laini ya kampuni nyingine anapiga simu za video bila shida. Ukauliza ununue simu mpya au ubadili laini. Kabla hujatoa hela, jua kwanza simu yako inashika mnara upi. Nimefunga na kukarabati mitambo ya minara kwa miaka kadhaa, mingi ikiwa ya vijijini, na huo unaoutazama kila siku unaweza usihusike kabisa na laini yako.

Iko hivi. Minara mingi siku hizi si mali ya kampuni za simu. Kuna kampuni zinazojenga mnara, zikaweka uzio na umeme, kisha zikapangisha nafasi. Kampuni ya simu inalipia sehemu ya kufunga antena zake. Mnara mmoja unaweza kuwa na wapangaji watatu, wa pili ukawa na mmoja tu. Kama kampuni yako haijapanga hapo, simu yako inahangaika na mnara mwingine nyuma ya kilima, pengine kilomita 15 kutoka kwako. Jirani yuko kwenye huu unaouona.

Na hata kama kampuni yako ipo, tazama paneli zinaelekea wapi, zile ndefu nyembamba karibu na kilele. Kwa kawaida zinagawa eneo pande tatu, kila upande nyuzi 120 hivi. Vijijini nimefunga minara ya pande mbili tu, zote zikifuata barabara kuu, kwa sababu ndiko wateja wengi wanakopita. Mwenye nyumba upande wa tatu anaambulia masalia.

Sasa masafa, na hapa ndipo penye uzito wote. Mawimbi ya 700, 800 na 900 MHz yanafika mbali na yanapenya miti na kuta vizuri zaidi. Ya 1800, 2100 na 2600 huwa na nafasi kubwa ya kubeba data, lakini yanachoka mapema. Kampuni inayosifika mjini kwa spidi inaweza kuwa hoi kijijini kwa sababu 4G yake yote imejaa kwenye masafa ya juu. Kwa hiyo usichague laini kwa kusikiliza watu wa mjini. Na simu nayo lazima iwe na bendi hizo, yaani mafungu ya masafa inayoweza kushika: bendi 28 ni 700, bendi 20 ni 800, bendi 8 ni 900. Simu iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine inaweza kukosa hiyo moja tu unayoihitaji. Nimekuta watu wakiitukana kampuni miezi na miezi, kumbe 4G ipo hewani ila simu zao haziisikii.

Vijiti achana navyo. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata, kila mmoja anachora anavyopenda. Tafuta namba ya dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu. Kwenye Android nyingi iko kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, kwenye hali ya laini. iPhone unapiga *3001#12345#* inafunguka kurasa ya vipimo. Namba ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo bora. Kwa 4G, -85 ni nzuri, -100 unaishi nayo, -115 tegemea kukatika. Kila ukishuka 10, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi. Maana yake mtu wa -110 anapata sehemu moja ya elfu ya anachopata mtu wa -80, na simu zao zinaweza kutofautiana vijiti viwili tu!

Kuna jambo lingine linalowachanganya wengi: unasikia mtandao, lakini mtandao haukusikii. Antena ya mnara inatoa makumi ya wati. Simu ya 4G kwa kawaida haizidi wati 0.2. Ni kama mtu mwenye kipaza sauti anakuita kutoka ng'ambo ya bonde, wewe unamjibu kwa mdomo mtupu. Ndiyo maana simu inaonyesha mtandao halafu ukipiga haitoki, na betri inaisha mchana kweupe kwa sababu simu inatumia nguvu zake zote kujibu. Kitochi cha 2G kwenye 900 kinaweza kutoa hadi wati 2, na hapo ndipo siri yake ya kupiga simu mahali ambapo simu ya bei mbaya imenyamaza. Ukihitaji sauti tu, jaribu kuiweka simu yako kwenye 2G. Ila nchi nyingi zinazima 2G au 3G, na ikizimwa zote mbili lazima simu iwe na VoLTE, yaani uwezo wa kupiga simu za sauti kupitia 4G, na kampuni iwe imekufungulia.

Ikitokea dBm ni nzuri na intaneti haitembei, tatizo limehama. Mnara wenyewe unahitaji njia ya kwenda mjini. Pasipo mkonga, yaani waya wa faiba, hutumika yale madishi ya mduara yanayotazamana mnara kwa mnara, na mmoja wa katikati ukizimika, wote walio nyuma yake wanalala. Njia hiyo ikiwa nyembamba, jioni watu wakiwasha video kila mtu anagawana kidogo. Mtandao unaopotea usiku na kurudi jua likichomoza, mara nyingi ni umeme: betri za sola zimechoka. Nimetumwa kwenye minara mara kadhaa nikakuta betri zimeibwa. Hapo ubadili simu mara ngapi, haitasaidia.

Kwako wewe ningeanza hivi. Azima laini ya jirani, iweke kwenye simu yako, pima dBm mahali palepale. Ikipanda sana, jibu ni laini, na simu yako ikiwa ya laini mbili huna haja hata ya kuitupa ya zamani. Isipopanda, simu ndiyo ya kushuku. Pima pia nje na ndani, kwa maana bati na nondo zinaua mawimbi vibaya mno. Kama nje kunashika na ndani hakuna, ruta ya 4G yenye antena mbili za nje, zimefungwa juu kuelekea mnara wa kampuni yako, inafanya kazi nzuri. Waya uwe mfupi iwezekanavyo. Waya mrefu mwembamba unakula ulichokipata. Simu za sauti utapiga kwa Wi-Fi kama kampuni inaruhusu.

Busta za mitaani, vile vifaa vya kukuza mawimbi, sizipendi. Nchi nyingi zinazikataza bila kibali, na kwa haki: tulishawahi kusaka kelele kwenye mnara, watu wa eneo zima simu haziingii, tukaishia kwenye busta iliyofungwa juu ya paa la mtu.

Ukipiga huduma kwa wateja usiseme "mtandao mbovu", hiyo haimfikii fundi. Sema saa, dBm, kama ni sauti au data, na kama majirani wa laini ileile wanapata hivyohivyo.

Weka hapa modeli ya simu yako na dBm za laini zote mbili, nje na ndani. Picha ya mnara ikionyesha paneli itasaidia pia.